Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Ada za Viwanja vya Ndege na Riziki ya Pwani

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kisha, kwa tahadhari, wakaongeza, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Methali hizi mbili zikisomwa kwa pamoja zina utaratibu ndani yake. Mgeni hupokewa kwanza, akaandaliwa chakula na mahali pa kulala. Ndipo siku ya tatu anapokabidhiwa jembe na kuandamana na wenyeji wake shambani. Hakuna mzee wa Pwani aliyemngoja mgeni kizingitini akiwa ameshika jembe. Mwenyeji alifahamu fika kwamba faida ya mgeni hupatikana akishaingia ndani ya nyumba.

Desturi hiyo ni kongwe. Ibn Battuta, msafiri wa Kimoroko aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alisimulia jinsi vijana wa mji walivyoenda kwa mashua kuilaki kila meli iliyotia nanga, kila mmoja wao akibeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa mfanyabiashara mmoja sahani ile na kutangaza kwamba huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara alikaa kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alichotaka. Kwa hakika, ukarimu huo haukuwa wema mtupu. Ulikuwa biashara ya watu wenye busara. Sahani moja ya chakula ilifungua mlango wa faida ya siku nyingi.

Leo mgeni hafiki kwa jahazi linalosukumwa na kaskazi. Hufika kwa ndege, na mlango wa nchi ni uwanja wa ndege. Swali linaloibuka ni hili: je, mwenyeji wa leo humlaki mgeni kwa sahani au kwa jembe? Makala haya yanadai kwamba ada na ushuru unaomwandama msafiri wa ndege umeongezwa kidogo kidogo, na mikono mingi isiyojuana, hata pasiwepo mtu wa kujumlisha hesabu yote. Yanadai zaidi kwamba mzigo huo, ingawa huandikwa katika tiketi ya mtalii, mwishowe humwelemea mtu ambaye pengine hajawahi kupanda ndege maishani mwake: mhudumu wa hoteli, mchonga vinyago, mvuvi na mwendeshaji mashua wa Pwani ya Kenya.

Kabla ya kuzama katika hoja hiyo, yafaa istilahi zifafanuliwe, maana katika mjadala huu maneno huchanganywa, na palipo na mchanganyiko wa maneno fedha nazo huchanganyika. Neno "ada" lilitoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni desturi. Katika Kiswahili likaja kumaanisha malipo ambayo kwa desturi hupewa mtu aliyetoa huduma: ada ya mganga, ada ya kungwi, ada ya mwalimu. Neno "ushuru" nalo ni la asili ya Kiarabu, na chimbuko lake ni sehemu ya kumi ya mali iliyotwaliwa na mtawala. Tofauti ni bayana. Ada hulipia kazi iliyofanywa, na aliyelipa ana haki ya kuuliza kazi iko wapi. Ushuru huingia katika hazina ya mtawala, naye hupanga atakavyoutumia.

Tofauti hiyo haijulikani kwa Waswahili pekee. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa sheria ya usafiri wa ndege duniani, unakataza nchi kuitoza ndege ya kigeni malipo kwa sababu tu imeingia, imepita au imetoka. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), lililozaliwa na mkataba huo, limeweka kanuni za ada za viwanja: zisiwabague watumiaji, zilingane na gharama ya huduma, ziwe wazi, na watumiaji washauriwe kabla hazijabadilishwa. Kwa mujibu wa kanuni hizo, ada ni malipo ya njia ya kurukia ndege, taa, jengo la abiria, ulinzi na mizani ya mizigo. Kinachozidi hapo ni ushuru, hata kikivishwa joho la ada.

Mtalii anayekuja Kenya hukumbana na malipo gani basi? La kwanza ni lile la shirika la ndege, ambalo hulipia kutua, kuegesha na kuongozwa angani, kisha likayarejesha malipo hayo kwa abiria ndani ya nauli. La pili ni ada ya huduma kwa abiria, ambayo nchini Kenya ina sheria yake. Kwa miaka mingi ada hii ilikuwa dola 40 za Marekani kwa abiria anayesafiri nje ya nchi na shilingi 500 kwa anayesafiri ndani. Baadaye ikapandishwa hadi dola 50 na shilingi 600. La tatu ni idhini ya kuingia nchini. Kenya ilipofuta viza Januari 2024 na kuleta idhini ya kielektroniki, ada yake iliwekwa kuwa dola 30. Viza ya awali ilikuwa dola 50, hivyo kwa Mzungu na Mmarekani huo ulikuwa unafuu. Lakini kwa Waafrika wengi waliokuwa wakiingia Kenya bila viza na bila malipo, lilikuwa jembe jipya mlangoni, na ilibidi mwaka 2025 serikali iwaondolee raia wa takriban nchi zote za Afrika sharti hilo.

Chukua mfano wa familia ya watu wazima wanne kutoka Ulaya wanaotaka kukaa Diani kwa wiki moja. Ada ya huduma kwa abiria ni dola 200, na idhini ya kuingia ni dola 120. Jumla ni dola 320. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni shilingi 41,280, kabla familia hiyo haijanunua hata dafu moja. Kiwango cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida mjini Mombasa, kama kilivyowekwa Novemba 2024, kilikuwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi. Hivyo basi, kinachodaiwa familia moja mlangoni kinapita mshahara wa kibarua huyo wa miezi miwili na nusu.

Kwa upande wa pili wa safari hali ni nzito zaidi. Uingereza, ambayo kwa miongo mingi imekuwa miongoni mwa nchi zinazoipa Kenya watalii wengi zaidi, ilianzisha ushuru wa abiria wa ndege mwaka 1994. Msafiri wa mbali, akiwamo anayekuja Kenya, alitozwa paundi 10. Mwaka 1997 zikawa 20. Mwaka 2007 zikawa 40. Mwaka 2009 serikali ya Uingereza ikazigawa nchi za dunia katika makundi manne kwa kupima umbali wa mji mkuu wa kila nchi kutoka London, na Kenya ikaangukia kundi la tatu. Kufikia mwaka 2010 abiria wa daraja la kawaida katika kundi hilo alilipa paundi 75, na mwaka 2014 akalipa 85. Katika muda wa miaka 20 ushuru huo uliongezeka zaidi ya mara nane.

Ajabu ya utaratibu huo ni kwamba Marekani nzima ilipimwa kwa Washington, mji ulio mashariki mwa nchi. Kwa hiyo mtu wa London aliyeruka hadi California, ng'ambo ya pili ya bara, alilipa ushuru mdogo kuliko aliyekwenda Mombasa au Barbados, ingawa safari yake ilikuwa ndefu zaidi. Nchi za Karibi zililalamika kwa sauti moja. Mwaka 2015 makundi ya mbali yaliunganishwa, na Kenya ikarudishwa katika kiwango cha paundi 71. Malipo haya hayahusiani na uwanja wa ndege hata kidogo. Huingia moja kwa moja katika hazina ya Uingereza. Hata hivyo, mtalii hajui hilo, na wala halimshughulishi. Yeye huona bei moja tu chini ya karatasi.

Hapo ndipo kiini cha suala hili kilipo. Mtalii hatengi kilicho cha London na kilicho cha Nairobi, kilicho cha uwanja na kilicho cha hoteli. Huweka bei ya jumla ya wiki moja ya Mombasa kando ya ile ya Uturuki, Misri, Unguja au Jamhuri ya Dominika, kisha akachagua. Nao wanaomuuzia safari hiyo hupanga bei zao mapema, pengine mwaka mzima kabla ya ndege kuruka. Ada ikipandishwa katikati ya msimu, bei imekwisha kuchapishwa na mteja amekwisha kulipa. Nani basi atakayebeba nyongeza? Serikali haibebi. Shirika la ndege hukataa kubeba, na lisiposikilizwa huipeleka ndege yake kwingine. Wakala wa safari humgeukia mwenye hoteli na kumwambia apunguze bei ya chumba, la sivyo wageni watapelekwa ufuo mwingine wa dunia.

Mwenye hoteli naye hawezi kuipunguza kodi ya ardhi, bili ya umeme wala bei ya dizeli ya jenereta. Anachoweza kupunguza ni watu. Mhudumu wa kudumu huwa wa msimu, wa msimu huwa kibarua wa siku, na kibarua wa siku huambiwa angoje kuitwa. Samaki aliyekuwa akinunuliwa kwa mvuvi wa Msambweni hupunguzwa katika orodha ya vyakula. Ngoma ya jioni iliyochezwa mara tatu kwa juma hubaki moja. Mtalii mwenyewe akifika, bajeti yake imekwisha kupunjwa. Hupita mbele ya vibanda vya vinyago akitazama tu. Mlolongo huu hauandikwi katika risiti yoyote, na kwa sababu hiyo hakuna mkutano wa wakuu unaoujadili.

Kuna watakaopinga hoja hii, na hoja zao hazistahili kupuuzwa. Watasema kwamba viwanja vya ndege havijengwi kwa methali. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, na jengo lake kuu la abiria likazinduliwa mwaka 1978, mwaka ule ule uwanja ulipopewa jina la Jomo Kenyatta. Tangu hapo idadi ya abiria imeongezeka maradufu na zaidi. Agosti 2013 moto uliteketeza ukumbi wa wageni wanaowasili kutoka nje. Agosti 2023 umeme ulipokatika nchini kote, abiria waliachwa gizani katika uwanja huo huo. Kuyarekebisha haya kwahitaji fedha, na ni haki zaidi alipe anayeruka kuliko mkulima wa Kitui asiyeruka kamwe. Watasema pia kwamba ada haiwafukuzi watalii, kwani mwaka 2024 Kenya ilipokea wageni wa kimataifa wapatao milioni 2.4, idadi iliyopita ile ya mwaka 2019 kabla ya janga la korona.

Hoja ya kwanza ni ya kweli, lakini yajenga pale pale inapodhani inabomoa. Iwapo ada ni malipo ya huduma, basi giza la Agosti 2023 ni deni ambalo mwenye kutoza alipaswa kulilipa. Mkulima wa Kitui hafai kumlipia abiria. Wala abiria hafai kulipia taa ambazo haziwaki. Aidha, si fedha zote za ada ya abiria zinazobaki uwanjani. Mwaka 2019 serikali iliunda Hazina ya Kustawisha Utalii, na hazina hiyo hupata fungu lake kutokana na ada hiyo hiyo. Yaani mtalii anayekuja hutozwa ili zipatikane fedha za kumshawishi mtalii mwingine aje. Huenda mpango huo una manufaa yake, hasa ikiwa fedha zitajenga vivutio na kufunza vijana. Lakini haupaswi kuitwa ada ya huduma, kwa kuwa aliyelipa hakuipata huduma hiyo.

Hoja ya pili nayo yahitaji kupimwa kwa mizani iliyo sawa. Wageni milioni 2.4 hawakuja kwa nia moja. Yupo aliyekuja kwa mkutano jijini Nairobi, na nauli yake imelipwa na mwajiri. Yupo aliyekuja kuwatembelea jamaa zake. Huyo atakuja hata ada ikiongezwa. Yupo aliyekuja kuwatazama nyumbu wakivuka Mto Mara, na tamasha hilo haliuzwi katika nchi nyingi. Hatimaye yupo aliyetaka jua, mchanga mweupe na maji ya vuguvugu. Huyu wa mwisho ndiye anayehesabu kila dola, maana jua na mchanga vimejaa duniani. Ada ni moja kwa wote, ila uzito wake ni tofauti. Jumla ya taifa yaweza kupanda huku ufuo mmoja ukidorora, kama vile wastani wa mvua ya nchi usivyomsaidia aliye na shamba lililokauka.

Aidha, itakuwa dhuluma kudai kwamba ada pekee ndiyo iliyoidhoofisha Mombasa. Ghasia za Likoni za mwaka 1997, shambulio la Kikambala la Novemba 2002, vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 na tahadhari za usalama za mwaka 2014, ambazo zilifanya kampuni za Uingereza kuwarejesha watalii wao kwao kabla ya likizo kwisha, ziliumiza kuliko ada yoyote. Hoteli kadhaa zilifunga milango na maelfu wakakosa kazi. Lakini mgonjwa anayeinuka kitandani hatwishwi gunia. Baada ya kila msiba Pwani imelazimika kuwarudisha wageni wake mmoja mmoja, na ni wakati huo ambapo dola 10 huamua ndege itue wapi.

Jambo hili serikali yenyewe ililikiri kwa vitendo. Mwaka 2016 ilianzisha mpango wa kuvutia ndege za kukodiwa. Ndege zilizowaleta watalii Mombasa na Malindi zilisamehewa ada ya kutua, na waliozileta wakaahidiwa dola 30 kwa kila mtalii. Mwaka huo huo watoto walio chini ya miaka 16 walisamehewa ada ya viza. Hatua hizo zilikuwa njema. Hata hivyo, zinaacha swali: kama dola 30 zinazorudishwa zaweza kumvuta mgeni, je, dola 50 zinazotozwa haziwezi kumsukuma mbali? Kumtoza mtu kwa mkono wa kulia na kumrudishia kwa mkono wa kushoto ni kazi mbili zenye makarani wawili.

Mataifa mengine yamepita njia hii na kujifunza kwa gharama. Uholanzi ilianzisha ushuru wa tiketi Julai 2008: euro 11.25 kwa safari fupi na euro 45 kwa safari ndefu. Wasafiri hawakuacha kuruka. Walipanda gari, wakavuka mpaka na kurukia Ujerumani na Ubelgiji. Julai 2009, mwaka mmoja tu baadaye, ushuru huo ukaondolewa. Uliporejeshwa mwaka 2021, ulianza kwa kiwango kidogo zaidi na nchi jirani zilikuwa na ushuru wao. Ireland ilitoza euro 10 kuanzia mwaka 2009, ikapunguza hadi 3 mwaka 2011, na mwaka 2014 ikaufuta kabisa. Sweden iliuanzisha wa kwake mwaka 2018 na kuuondoa mwaka 2025. Mafunzo ya visa hivi ni kwamba ushuru wa mlangoni hupimwa kwa kutazama mlango wa jirani, na jirani wa Mombasa ni Unguja, Dar es Salaam na Kilimanjaro. Unguja nayo imeongeza mzigo wake: tangu Oktoba 2024 kila mgeni kutoka nje hudaiwa bima ya dola 44. Hiyo ni nafasi ambayo mwenyeji mwerevu angeitumia kumvuta mgeni upande wake. Mwenyeji mzembe huiona kuwa ruhusa ya kuongeza ada yake.

Historia ya Pwani yenyewe ina funzo lililo karibu kuliko Uholanzi. Septemba 1833, mjini Maskati, Sayyid Said bin Sultan, ambaye mamlaka yake yalienea hadi Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Mkataba huo uliweka ushuru mmoja wa asilimia 5 kwa shehena iliyoshushwa. Asilimia hizo 5 zilihesabiwa kuwa badala ya malipo mengine yote: ushuru wa kuingiza na kutoa, leseni ya kufanya biashara, malipo ya rubani wa bandari na ya kutia nanga. Nahodha aliyetoka Salem alifahamu kabla ya kung'oa nanga atalipa nini na nini hatalipa. Mwaka 1837 Marekani ilikuwa na balozi wake mdogo Unguja. Waingereza na Wafaransa wakafuata kwa mikataba yao, na bandari hiyo ikawa kitovu cha biashara ya Afrika Mashariki. Zama hizo hazistahili kusifiwa kwa kila jambo, kwani utajiri wake ulichanganyika na machozi ya watumwa. Lakini katika suala la forodha, mtawala yule alielewa jambo ambalo ofisi za leo zimelisahau: mgeni haogopi kulipa, huogopa kutojua atalipa mara ngapi.

Nini basi kifanywe? Kwanza, malipo yote ambayo mkono wa serikali humdai msafiri, yawe ya uwanja, ya usalama, ya idhini ya kuingia au ya hazina ya utalii, yajumlishwe na kutangazwa kama kiasi kimoja. Kila wizara inayotaka kuongeza shilingi ilazimike kuiongeza mbele ya macho ya wizara nyingine, na mbele ya wawakilishi wa wenye hoteli na wafanyakazi wao. Pili, nyongeza yoyote itangazwe angalau miezi 12 kabla ya kuanza kutozwa, ili wauzaji wa safari waiingize katika bei zao badala ya kumsukumia mhudumu wa Bamburi.

Tatu, ada zisiwe sawa kila mahali na kila wakati. Uwanja wa Moi ulioko Mombasa hauna msongamano wa Nairobi. Kati ya Aprili na Juni, mvua za masika zinaponyesha, vyumba vya Pwani hubaki vitupu na jengo la abiria hukaribia kuwa kimya. Kumtoza mgeni wa Mei sawa na mgeni wa Desemba ni kama muuza embe anayeng'ang'ania bei ya kiangazi wakati wa msimu. Unafuu wa mwaka 2016 urejeshwe kwa utaratibu wa kudumu, na matokeo yake yachapishwe, ili wananchi wajue iwapo fedha zilizosamehewa zilirudi kupitia mishahara na mauzo. Nne, kila mwaka msafiri na raia waelezwe ada ilifanya nini: jenereta ipi ilinunuliwa, paa lipi liliezekwa, foleni ipi ilipunguzwa.

Tano, Mkenya mwenyewe asisahauliwe. Shilingi 600 katika tiketi ya shilingi 15,000 ni kitu kidogo. Katika tiketi ya shilingi 3,000, ambayo ndiyo aitafutayo mwalimu wa Nyeri anayetaka kuwaonyesha watoto wake bahari, ni moja ya tano ya nauli. Ada isiyobagua kati ya tiketi ghali na tiketi rahisi humbana zaidi aliye na kidogo. Wakati wa misiba yote iliyotajwa, mgeni wa ndani ndiye aliyezifanya taa za hoteli ziendelee kuwaka. Kumtoza kwa kiwango kinacholingana na nauli yake kungekuwa shukrani ndogo.

Kutoka Uwanja wa Moi kuelekea mjini, katika eneo la Changamwe, kuna chama cha ushirika cha wachonga vinyago wa Kikamba. Humo, chini ya mabanda, mafundi huketi wakichonga twiga, vifaru na bakuli za mti, vumbi la mbao likiwafunika magoti. Ndege zinazotua huwapitia juu ya vichwa vyao. Fundi hajui ada ya kutua ni kiasi gani, wala hakuulizwa ilipopandishwa. Lakini akihesabu vinyago vilivyobaki rafuni jioni, ameijua bila ya kuambiwa.

Huyo ndiye mwenyeji ambaye methali ilimwahidi kupona. Wenye kupanga ada, kabla ya kutia sahihi nyongeza nyingine, wangefanya vyema kusimama kwanza chini ya banda hilo na kumweleza mgeni akija atapona kwa njia gani, iwapo dawa yake imechukuliwa mlangoni. Jembe lina siku yake, nayo ni ya tatu. Siku ya kwanza ni ya sahani.